Bata Wawili Mlangoni

Jina lake la ubatizo sitalitaja. Huku Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, tulimwita Mwalimu wa Kwaya, halafu tukachoka urefu, tukabaki na Mwalimu. Alizaliwa kijiji gani, baba yake nani, hayo waulizeni wa kwao kama bado wapo. Mimi nilimjua kutoka mstari wa nyuma, upande wa besi, na kutoka mstari wa nyuma unachoona ni mikono ya mtu na midomo yake, basi. Nilivitazama vitu hivyo viwili tangu tulipofika na turubai zetu baada ya vita vya tisini na sita, mpaka meno yangu ya mbele yakanikimbia na besi ikawa upepo.

Shule niliishia darasa la tatu. Yaliyobaki yaligawanwa na vita vya utoto wangu na uvivu wangu mwenyewe. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea nikichambua maharage mlangoni kwangu. Nikiacha njia, nivumilieni, nitarudi.

Neno lake lilikuwa moja: "Ku mwanzo!" Wimbo uwe mrefu namna gani, mtu mmoja akikosea, hata akikosea pumzi tu, Mwalimu aligonga kikombe chake kwa msumari, ting, akasema "Ku mwanzo!" na sisi wote tukarudi ubeti wa kwanza. Alikuwepo mama mmoja wa alto, mnene, mcheshi, siku moja akashindwa kuvumilia:

"Mwalimu, tumekosa ku Amina tu. Si tuimbe hiyo Amina, tuende kupika?"

"Amina ya wimbo gani, mama? Wimbo umeshakufa. Unataka tuitikie Amina ku maiti?"

"Maiti inazikwa, Mwalimu. Haifufuliwi kila siku saa kumi."

Tulicheka mpaka turubai la kanisa likatikisika. Yeye naye alicheka, alikuwa na kicheko kizuri, cha puani. Kisha akagonga kikombe. "Ku mwanzo!"

Kikombe chenyewe ngoja nikieleze, maana kitarudi mbele. Kilikuwa cha bati lililopakwa rangi nyeupe, ukingo wa buluu, kama vya kunywea uji. Wakati wa kukimbia kila mtu alibeba kitu chake cha kijinga. Mimi nilibeba kiatu cha mguu wa kushoto mpaka mpakani nikidhani viko viwili. Yeye aliacha godoro, aliacha mbuzi, akabeba kikombe, kwa sababu kikigongwa na msumari kilitoa noti ya "la" kamili, ile ya kuanzishia wimbo, na mtu mwenye "la", alisema, anaweza kujenga kwaya fasi yoyote. Akaijenga kweli.

Sasa siku moja mbuzi wa jirani aliingia kanisani akakiangusha kutoka mimbarani. Kikapata kibonyeo. Tangu hapo "la" ya kikombe ikashuka. Sote tulisikia. Nyimbo zilishuka, sauti ya kwanza wakawa wanaimba kama wamelala, sisi wa besi tukawa tunachimba ardhi. Nani amwambie? Ikaja kwaya ya wageni kutoka Mbarara na kinanda chao, kikombe na kinanda vikagombana mbele ya watu. Mwalimu akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema kwa upole:

"Kinanda chenu kiko juu. Ni jua la njiani."

Wageni wakatazamana. Tukaimba bila kinanda.

Mtu wa namna hiyo utadhani maisha yake yote yalikuwa yamenyooshwa kwa kamba. Hata kidogo. Mistari yake ya mahindi ilipinda kama njia ya mlevi. Nilimwambia, "Mwalimu, hii nayo ku mwanzo." Akanijibu, "Besi, mahindi hayaimbi." Mimi aliniita Besi siku zote. Mtu akiugua, alikuwa wa kwanza kumpikia uji, na uji wake ulikuwa na mabonge, na hakuurudia. Watoto wa jirani walimrukia mgongoni. Ukali wake wote aliuweka mahali pamoja, kama mtu anayeweka chumvi yote kwenye chungu kimoja, na bahati mbaya kwenye chungu hicho alikuwamo binti yake.

Binti alikuwa sauti ya kwanza. Mama yake tulimzika njiani, akalelewa na baba na hicho kikombe. Akiimba yule mtoto, hata wale wanaokuja kanisani kulala waliamka. Basi Krismasi moja kanisa limejaa, watu wamekaa madirishani, binti akasimama kuimba peke yake. Akaingia pumzi moja mapema. Mtu wa kawaida asingejua. Ting. "Ku mwanzo!" Watu wakadhani ni sehemu ya wimbo. Akaanza tena, akaingia sawa, lakini sauti ikatetemeka. Ting. Aliposimama mara ya tatu hakufungua kinywa. Alivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi.

"Baba," akasema, "mimi nimefika mwisho wangu."

Akatoka. Mwalimu alimaliza ibada bila wimbo ule. Nje nikamwambia mfuate. Akasema, "Atarudilia tu. Ana sikio." Hakurudilia. Tulisikia yuko Mbarara anafua nguo za watu, kisha tukasikia ameolewa na askari, Munyankole, mwenyeji wa huko, wanakaa Makenke, kambi ya jeshi. Katika mstari wa mbele Mwalimu alimwachia nafasi, na hakuruhusu mtu asimame hapo. Pengo la mtu ni kama pengo la jino. Ulimi unalirudia, hata ukiukataza.

Meno ndiyo yaliyonipeleka kwa binti. Nilikwenda Mbarara kung'olewa, nikatoka nimejazwa pamba mdomoni, nikakaa chini ya ukuta pale Nyamityobora kusubiri gari, natoa mate ya damu. Nikasikia, "Baba Mdogo! Si Besi huyu?" Ni yeye, kapu la nyanya mkononi, mtoto mgongoni. Aliuliza kila kitu na mimi sikuweza kujibu neno. Baba mzima? Nikatikisa kichwa ndiyo. Bado anakasirika? Nikainua mabega. Ananitaja? Hapo sikutikisa chochote, akaelewa. Akanipeleka kwake Makenke, akanipikia chai ambayo sikuweza kunywa, akaniwashia mchezo.

Mume wake alikuwa ameuleta kutoka kazi ya nje, zawadi ya watoto. Kisanduku cheusi cha kuchomeka kwenye televisheni, na maneti mbili, vile vishikio vya mkononi vyenye vidude vya kubonyeza. Ndani yake kuna bata wawili wamevaa mabuti, mmoja wa njano, mmoja wa kijani. Wanatembea, wanaruka, wanaokota kengele. Hakuna bunduki wala damu, na hakuna anayemchukia mwenzake. Rangi zake kama peremende, muziki wake kama wa Shule ya Jumapili. Ukiutazama unasema huu ni wa mtoto anayenyonya, na hapo umeshategwa. Maana bata hao wana roho tatu tu, na njia imejaa mashimo, na madaraja ambayo mbao zake zinatokea na kupotea, na upepo. Roho tatu zikiisha unarudishwa mlangoni pa njia ya kwanza, bata wako wamesimama wanatabasamu kama hawakuoni unavyovuja jasho. Watoto wake walilia wakauacha. Sajini mmoja jirani, mtu aliyepigana vita vya kweli, alitupa maneti ukutani.

Yeye binti hakuuacha. Mume akiwa kazini, watoto wakiwa shuleni, alicheza. Tena upo ndani yake ujanja mmoja. Kuna kadi ndogo, kama kucha ya dole gumba, ukiichomeka inakumbuka ulipofika, kesho unaendelea hapo hapo. Kwa kadi ile alipita njia zote, akiwaongoza bata wawili kwa zamu, mmoja huku, mmoja kule, mpaka mlango wa mwisho. Mlango huo haufunguki kwa mtu mmoja. Bata wote wawili lazima waruke mbao za mwisho kwa pamoja, mguu kwa mguu.

"Mume wangu anaweza kuruka na mimi," akaniambia. "Watoto wanaweza. Mimi sitaki. Bebea Baba hii yote, mashini na kadi. Mwambie nimemfungulia njia, nimeacha bata wetu mlangoni. Siku akitaka, aje tuufungue wawili."

Nikabeba yote, na pamba mdomoni.

Sikiliza sasa Mwalimu alivyopokea. Kwanza alicheka kile kicheko cha puani. Akasema, "Mimi mzee wa kanisa nicheze bata!" Kisha nikamwambia habari ya kadi na mlango. Akaishika kadi kwa ncha ya vidole, akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo nikiweka hii, ninaanzia mwisho?"

"Unaanzia alipofika binti yako."

"Besi, wimbo hauanzi katikati."

"Huu si wimbo, ni bata."

"Nitafika huo mlango kwa miguu yangu. Toka ku mwanzo. Siku nikifika, ndiyo nitaenda Makenke, nimwambie, nimefika, njoo tufungue. Nitamwangalia machoni. Nikienda na kadi, nitakuwa nimebebwa mgongoni."

Akaifunga kadi kwenye kitambaa, akaitia ndani ya kile kikombe, akakitundika kwenye msumari. Kikombe chenye kitu ndani hakilii. Hakikulia tena. Hata hivyo kwaya yenyewe ilikuwa imeshayeyuka, wengine wamepelekwa Amerika, wengine wamehamia kwa vijana wenye kinanda na vipaza sauti. Tulibaki yeye na mimi na yule mama wa alto, na yeye alikuja kwa ajili ya mazungumzo.

Wazee wa kanisa walisikia, wakaja kukagua. Kuna damu? Hakuna. Kuna wanawake uchi? Kuna bata na mabuti. Mzee mmoja akasema tuoneshe, akashika maneti, na jua likazama amekaa pale pale, hajapita daraja la kwanza. Alisimama, akakung'uta suruali, akasema, "Mchezo huu una kiburi." Akaenda zake. Kesho yake akarudi, eti kukagua vizuri.

Basi tulicheza. Mwalimu bata wa njano, mimi wa kijani. Televisheni yake ilikuwa kuukuu, ya mkono wa pili, na umeme wetu ulikuwa kipande cha sola juu ya bati na betri ya gari iliyozeeka kuliko gari lake. Asubuhi shambani, mchana betri inakula jua, saa kumi, ile saa ya zamani ya kwaya, tunakaa. Mikono yangu ilikuwa ya jembe. Nikibonyeza kuruka, bata alikuwa ameshaanguka.

"Besi! Unaruka kama unaomba ruhusa!"

"Nimeteleza."

"Bata ana mabuti. Hatelezi. Ni wewe."

Na ukianguka unapigiwa kamuziki kadogo ka kukucheka, ti-ri-ri-ri. Nilikachukia kale kamuziki kuliko njaa. Lakini yeye ndiye aliyegundua siri ya daraja la mbao. Tulikuwa tumelikazia macho majuma mengi. Siku moja akafumba macho, akawa anasikiliza tu, mguu wake unagonga sakafu.

"Mbao zinafuata wimbo," akasema. "Sikia. Ubao unakuja ku pigo la pili. Usiangalie, Besi. Imba."

Tukaimba. Wazee wawili ndani ya nyumba ya udongo tunaimba na bata, pam-pa-pam, pam-pa-pam, na tukavuka daraja lote bila kugusa maji. Yule mama wa alto aliyekuwa anatwanga nje akapiga vigelegele. Mwalimu alifumbua macho, na uso wake siku ile niliwahi kuuona zamani, binti yake alipokuwa bado anaimba.

Niliwahi kumwuliza kitu gani kinampendeza katika adha hii, maana mimi nilikuwa naumwa vidole na roho.

"Huu haukurudishi bure," akasema. "Ukianguka, umekosea. Unajua wapi umekosea. Tangu tutoke kwetu, Besi, ni wapi pengine umewahi kurudishwa ku mwanzo kwa sababu umekosea?"

Aliyekaa Nakivale anaelewa. Unaitwa ofisi ya wakimbizi usailiwe, unaeleza ulivyokimbia, unaambiwa subiri. Unasubiri mpaka viatu vinaisha. Unaitwa tena, ni mtu mpya, anasema eleza kuanzia mwanzo. Hukuanguka shimoni, hukuteleza, bata wako walikuwa wanatembea vizuri tu, na bado unajikuta mlangoni pa njia ya kwanza, na wewe hukuambiwa kosa. Mchezo ule ulikuwa mgumu, lakini ulikuwa na haki. Ndivyo alivyoupenda. Ila haki nayo inachosha, ndugu yangu. Mtu hawezi kuhukumiwa sawasawa kila siku saa kumi.

Na hesabu yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo, na sote tuliiona isipokuwa yeye. Kutoka njia ya kwanza mpaka mlango wa mwisho, hata usipoanguka, ni safari ndefu kuliko betri yetu. Tulikuwa tunafika kwenye upepo, televisheni inaanza kujikunja. Nilipokwenda Mbarara kuuza maharage, binti alinisubiri pale pale Nyamityobora.

"Baba Mdogo, amefika wapi?"

"Kwenye upepo."

"Mwaka jana alikuwa kwenye upepo."

"Upepo ni uleule, mwanangu."

"Mwambie aweke kadi."

Ninarudi, ninamwambia, anasema uweke kadi. Naye, bila kugeuka: "Mwambie niko njiani." Nilichoka kubeba maneno hayo kuliko nilivyochoka kubeba maharage. Watoto wa binti walikua. Mdogo aliyekuwa mgongoni siku ya meno yangu akaanza kunisalimia kwa Kinyankole, agandi, na babu yake alikuwa hajamwona.

Mara moja tulikaribia kweli. Ilikuwa kiangazi, jua kali la kukausha nguo ukizianika upande mmoja, betri ikashiba. Mikono yangu sijui ilikuwa ya nani siku ile, haikukosea. Tukapita mbao, tukapita mashimo, tukapita upepo, roho zote zipo. Ikaja njia ambayo hatujawahi kuiona, ya usiku, ina nyota. Mwalimu alikuwa hapumui. Na mwisho wa njia, mbali, tukauona mlango, mwekundu, una kengele juu.

"Besi," akanong'ona, "kesho naenda Makenke."

Televisheni ikajikunja. Picha ikawa mstari, mstari ukawa kitone cheupe, kitone kikafa.

Mwalimu alikaa akitazama kioo cheusi, ambamo sasa tulijiona sisi wenyewe, wazee wawili wameshika nyaya. Kisha akazikunja nyaya taratibu, kitanzi kwa kitanzi, kama alivyokunja joho yule binti, akatoka nje. Nikasema kimoyomoyo, leo atakifungua kikombe. Hakukifungua. Kesho yake saa kumi alikuwa amekaa, maneti yangu imewekwa kwenye kigoda changu.

Baada ya hapo alianza kushuka. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, kidogo, kama majani ya muhogo kabla ya mvua. Mtu anayetetemeka hawezi kukaa kwenye pigo la pili. Tukawa hatufiki kwenye upepo. Tukawa hatupiti mashimo. Mwishowe tukawa tunaangukia daraja lile la mbao, ambalo alikuwa ameliimba kwa macho yamefumbwa, ti-ri-ri-ri, ti-ri-ri-ri, na mimi nikijifanya kwamba aliyekosea ni mimi. Alinijua. "Besi, usinisaidie kuanguka," akaniambia.

Akaja kwangu asubuhi moja. Yeye hakuwa mtu wa kuja asubuhi. Alikuwa amevaa koti la ibada, kikombe amekipakata kifuani kama kifaranga. Nikaacha maharage.

"Mwalimu, kuna msiba?"

"Hapana." Akakaa. "Nimechoka kuanza."

Basi ndiyo hayo tu. Sikumwuliza. Nilitia mashini kwenye gunia, nikaifunika na viazi vitamu, maana kwetu huendi kwa mtoto mikono mitupu, tukapanda gari.

Getini Makenke askari kijana akatusimamisha.

"Wazee, karibu. Ndani ya gunia iko nini?"

"Viazi," nikasema.

Akaingiza mkono, akavuta waya.

"Banange! Mzee, kiazi ya wapi nakuwa na waya?"

"Ni bata," Mwalimu akasema.

"Bata?"

"Wawili. Ndani ya mashini."

Kijana akatutazama, akaitazama ile mashini, uso ukafunguka. "Aa! Hii game ya bata? Ya mke wa koplo? Hii kitu mbaya, mzee. Mimi zamani nashindwa kwa daraja. Kale, sawa, nenda, nenda."

Binti alikuwa anaanika nguo. Alimwona baba yake akaacha shati likining'inia mkono mmoja. Hawakukumbatiana, si watu wa hivyo. Alipiga goti, akampokea kikombe.

"Baba, umefika mlango?"

"Sikufika," Mwalimu akasema. "Nimekuja tu."

Mume wake akatoka, mrefu, mpole. Kwetu baba mkwe na mkwe wanaoneana haya, hawali sahani moja, wala hawachekeani hovyo, na yule Munyankole alikuwa amefundishwa na mkewe. Akainama, akasema, "Karibu, mzee. Nyumba ni yako. Mimi niko nje kidogo." Akaenda kusimama ukutani, kwenye uwanja wake mwenyewe, juani.

Ndani, binti alifungua kitambaa, akachomeka kadi. Televisheni yao ilikuwa kubwa, na umeme wa kambi haukuwa na haraka. Ikatokea njia ya usiku, nyota, mlango mwekundu. Na mbele ya mlango bata wawili, wa njano na wa kijani, wamesimama bega kwa bega na mabuti yao. Mwalimu akasogeza uso karibu.

"Muda huu wote walikuwa hapa?"

"Nilikuacha hapa, Baba."

"Mu kikombe changu."

"Ndiyo. Mu kikombe chako."

Akakichukua kikombe, sasa kitupu, akatafuta kitu cha kukigonga, binti akampa kijiko. Ting. Baada ya miaka ile yote. Binti akasikiliza, kichwa amekiinamisha kama baba yake.

"Baba, kiko chini."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

"Najua," Mwalimu akasema. "Tangu siku ya mbuzi."

Wakashika maneti. Akagonga mguu kutoa pigo, wakaruka, mkono ukatetemeka, bata wa njano akachelewa pumzi moja, wakaanguka wote wawili. Ti-ri-ri-ri. Wakaruka tena, wakaanguka tena, mpaka roho tatu zikaisha. Naye, kwa mazoea tu, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Ku mwanzo."

"Hapana, Baba. Tazama."

Kadi ilikuwa imekumbuka. Bata walikuwa pale pale, mlangoni, bega kwa bega.

"Kumbe," Mwalimu akasema.

Mimi mgongo uliniuma, nikatoka nje kunyoosha miguu. Mkwe bado amesimama ukutani, jua limemhamia usoni. Tukasikiliza. Ti-ri-ri-ri, halafu kile kicheko cha puani, halafu kingine kama hicho, chembamba zaidi.

"Mzee," koplo akaniuliza kwa sauti ndogo, "wao napita mlango?"

"Bado."

"Sasa wao nacheka nini?"

"Wameanguka," nikamwambia.